Cherehani za Bomani

Tarihi ya nguo katika nchi ya Wakuria na jirani zao wa Ikoma, Ngoreme, Nata na Shirati imeandikwa kwa uchache mno kuliko tarihi ya ng'ombe, ya koo na ya vita, kana kwamba watu wa sehemu hizo walizaliwa wamekwisha kuvaa, ilhali hapana kitu kilichobadili sura ya mtu, hadhi yake mbele za watu na matumizi ya fedha yake kwa kadiri nguo ilivyobadili katika muda wa miaka mia moja na thelathini iliyopita. Kijana wa kata ya Bomani, mjini Tarime, ambaye leo hushona gauni la kitenge, akalipiga picha, akaituma picha ile kwa simu mpaka Mbagala au Nairobi, na akapokea nusu ya bei ya gauni la pili kabla hajatia mkasi kitambaani, aghalabu hudhani kwamba kazi yake imeanza naye na kwamba haina wazee. Wazee inao, nao ni wengi. Katika kuwataja nitafuata suala moja tu, nalo ni hili: baina ya mkono unaoshona na mwili unaovaa husimama nani, naye huchukua nini kwa kusimama kwake hapo?

Hapo kale hakusimama mtu. Watu wa nchi hii walivaa ngozi za ng'ombe, za mbuzi na za wanyama wa porini. Ngozi zilikwanguliwa, zikalainishwa kwa mafuta na kwa kufikichwa siku nyingi, zikashonwa kwa kano na kupambwa kwa shanga na kwa waya wa chuma au wa shaba, na aliyeitayarisha ngozi alikuwa ama yule yule mvaaji, ama mtu wa ua wake. Vazi lilitoka zizini na kuishia mwilini pasipo kupita sokoni. Sitaki kuyasifu maisha hayo kupita kiasi, kwa maana ngozi ni nzito katika mvua na haifuliki. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba kabla ya kitambaa cha kununua kufika, nchi hii haikuwa tupu ya ufundi wala ya upambaji.

Kitambaa kilikuja kutoka pwani, nacho kilikuwa kimekwisha kusafiri baharini kabla ya kuanza safari ya bara. Baada ya Sayyid Said bin Sultan kufunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta Unguja shehena za pamba nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa katika viwanda vya huko. Hiyo ndiyo merikani, ambayo pamoja na kaniki ya Bara Hindi iliyotiwa rangi ya nili, na shanga, na masango ya shaba, ikawa sarafu ya misafara yote ya Afrika ya Mashariki. Vita vya wao kwa wao vya Wamarekani, tangu 1861 hadi 1865, viliipunguza bidhaa hiyo na kuwapa nafasi wafumaji wa Uingereza na wa Bombay. Nguo ilipimwa kwa mkono, yaani kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minane ikafanya doti moja ya yadi 4, na doti saba na nusu hivi zikafanya jora. Walakini nchi za mashariki ya ziwa Nyanza zilikaa kando ya njia kuu ya misafara, ambayo ilipita Tabora kwenda Ujiji na Buganda, na baina yao na pwani ya Tanga na Pangani palikuwa na nchi ya Wamasai, ambayo wafanyabiashara wachache walithubutu kuikata. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alipoivuka mbuga ya Serengeti mwaka 1892 na kufika ukingoni mwa ziwa, aliwakuta Wamasai wakifa njaa kwa sababu ya sotoka iliyowamaliza ng'ombe wao. Msafara wake, kama misafara yote ya zama zile, ulijilisha kwa nguo na shanga.

Wakati huo mtu aliyesimama katikati alikuwa mkuu wa msafara, na alichochukua kilikuwa pembe ya ndovu, mbuzi na nafaka. Kitambaa hakikushonwa, kilifungwa begani au kiunoni kama kilivyotoka jorani, na kwa hiyo fundi hakuwapo bado.

Fundi aliletwa na reli. Reli ya Uganda ilipolifikia ziwa pale Kisumu mwezi wa Desemba 1901, na meli zikaanza kuzunguka bandari za Nyanza, gharama ya kufikisha mzigo wa nguo Shirati au Musoma ilishuka kwa namna ambayo misafara haikuweza kushindana nayo, na nyuma ya mzigo akafuata Mhindi mwenye duka. Wajerumani, waliojenga kituo Shirati na ngome Ikoma, walidai kodi. Waingereza waliowafuata baada ya Vita Kuu waliendelea kuidai, tena kwa fedha taslimu. Na mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe au kwenda kibarua ili apate fedha ya kodi, alirejea na masalio ya fedha mfukoni, naye akapita dukani. Wamenoniti walifungua misheni yao Shirati mwaka 1934, na kama ilivyokuwa kwa misheni zote, darasa na kanisa vilitaka mtu aje amevaa shati au gauni. Askari wa Kikuria, ambao walijiandikisha kwa wingi katika jeshi la KAR (King's African Rifles), walirudi vijijini na kaptula za kaki zilizopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na vijana waliowaona hawakutaka tena shuka. Nadhani kaptula ile ya kaki ilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri yote katika kuieneza nguo iliyoshonwa. Katika miaka ya 1930 nguo za Japani zilijaa maduka yote ya Afrika ya Mashariki kwa bei ambayo Manchester haikuiweza, hata vita vilipozizuia mwaka 1941, watu wakarudia viraka.

Serikali ya Kiingereza ilipoweka makao ya wilaya ya North Mara pale Tarime, katika baridi ya vilima, pakatokea mtaa wa boma na mtaa wa maduka, na mbele ya maduka yakawapo mabaraza. Yafaa tusimame kidogo barazani, kwa sababu mpango wa kazi uliowekwa hapo, katika Tarime kama katika miji mingi ya bara, ulidumu zaidi ya nusu ya karne, na yeyote asiyeuelewa hataelewa kwa nini simu imewafurahisha mafundi kiasi hiki.

Cherehani ya kukanyaga, aghalabu Singer nyeusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu zilizofifia upande ule ambapo mkono hupita, iliwekwa pembeni mwa mlango wa duka ili nuru imwangukie fundi kutoka kushoto. Mteja aliingia ndani kwanza. Alichagua kitambaa katika majora yaliyosimamishwa ukutani, kaki au popilini au mardufu, akapimiwa yadi zake kwa chuma kilichogongomewa ukingoni mwa meza, akalipa; kisha akatoka nje na bunda lake mkononi na kumpa fundi, ambaye alimzungushia futi shingoni, kifuani na kiunoni, akaandika vipimo katika daftari lililojaa majina ya watu wa Nyamwaga, Muriba na Sirari, na akasema siku. Vipande vilivyosalia fundi alivihifadhi, ikiwa mteja hakuvidai, na vipande hivyo vilikuwa bitana ya mifuko, viraka vya siku za shida na kaptula za watoto wake. Fundi hakuwa na kitambaa hata yadi moja kilicho mali yake. Mara nyingi hata cherehani haikuwa yake, bali ya mwenye duka, ambaye alimkodisha, au alimwacha aitumie bure kwa kuwa fundi hodari huvuta wanunuzi. Na faida kubwa ya shati moja ilibaki ndani ya mlango, katika jora, wala haikutoka nje barazani. Hivyo ustadi ulikuwa wa mmoja na rasilmali ya mwingine.

Pamoja na hayo, baraza lilikuwa na fadhila ambayo sitaki isahauliwe. Mvaaji na mshonaji walionana uso kwa uso. Fundi aliujua mwili wa mteja, akajua bega gani limeinama kwa kubeba mizigo na mwanamke gani ana mimba changa ambayo haijatangazwa, akalegeza pindo pasipo kuulizwa. Na nguo ikikataa kukaa, mwenye nguo alirudi siku ile ile, ikafumuliwa mbele ya macho yake. Mikataba yote ilikuwa ya mdomo, na dhamana ilikuwa uso wa mtu.

Uhuru ulipokuja, na baada yake Azimio la Arusha la mwaka 1967, mahali pa mwenye duka pakataka kukaliwa na dola. Sheria ya mwaka 1971 ya kutwaa majumba iliwavunja moyo Wahindi wengi wa miji midogo, wakafunga. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikusudia kuweka maduka ya ujamaa badala ya maduka ya watu binafsi. Na makampuni ya biashara ya mikoa yakapewa kazi ya kugawa vitu, nguo zikiwamo. Nia haikuwa mbaya. Viwanda vya nguo vilijengwa kwa ari ambayo yastahili heshima: Urafiki mjini Dar es Salaam kwa msaada wa China, Mwatex mjini Mwanza, na MUTEX mjini Musoma, ili pamba ya kanda ya ziwa, badala ya kupelekwa ng'ambo ikiwa marobota na kurudi ikiwa vitenge vya wengine, isokotwe, ifumwe na kutiwa rangi hapa hapa. Nasema kwa dhati kwamba wazo la kiwanda cha Musoma lilikuwa sahihi, na kusimama kwake katika miaka ya ubinafsishaji ni hasara ambayo mafundi wa mkoa wa Mara wanailipa hata leo katika kila yadi wanayoinunua.

Lakini Tarime ilikaa mpakani, na mpaka una tabia zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, ukabaki umefungwa mpaka Novemba 1983, na katika miaka hiyo sita na zaidi, ambamo ndani yake viliingia vita vya Kagera na uhaba uliovifuata, jamaa wa ukoo mmoja waliokuwa wakitenganishwa na jiwe la mpaka tu walijikuta kila mmoja na dunia yake. Upande wa Isebania, nchini Kenya, palikuwa na vitambaa na uzi na sindano. Upande wa Sirari palikuwa na foleni. Kahawa ya Tarime ilivuka usiku kwenda kule, na nguo, sabuni na mafuta zikavuka kuja huku, juu ya vichwa vya watu na juu ya punda, kwa njia za mashambani ambazo wenyeji walizijua tangu kabla ya serikali yoyote. Magendo yalikuwa kosa la jinai, na mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaandama wahujumu uchumi nchi nzima; hata hivyo haki yataka tuseme kwamba mama aliyevusha doti mbili za khanga ili binti yake apate kuolewa akiwa amesitirika hakuwa na nia ya kuuhujumu uchumi wowote. Kwa fundi, waliosimama katikati wakati huo walikuwa watu wawili: karani wa duka la kijiji mchana, na mvushaji usiku. Wa pili alikuwa ghali zaidi, lakini alikuwa na mali.

Milango ya biashara ilifunguliwa kuanzia mwaka 1984, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi ikafunguka kabisa. Furaha ilikuwa kubwa, nayo ilistahiki. Kwa mafundi ilikuja pamoja na marobota ya mitumba, ambayo bei yake haikuweza kushindwa na mkono wowote unaoshona, kwa kuwa suruali iliyokwisha kuvaliwa Ulaya au Amerika ilitolewa bure na mwenyewe, na thamani yake ilianza upya pale robota lilipokatwa kamba. Kazi ya kushona mashati na suruali za kila siku ilikufa karibu yote, na fundi akageuka kuwa mpunguza suruali ndefu na mbadili zipu. Wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba pole pole hadi ifikapo 2019. Marekani ikatishia kuzitoa nchi hizo katika mpango wa AGOA wa kuingiza bidhaa bila ushuru, Tanzania na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda peke yake ikashikilia ushuru wake na kupoteza nafuu ya nguo mwaka 2018.

Yaliyookoa ufundi Tarime ni mambo mawili, na yote mawili hayakutazamiwa na mpangaji yeyote. La kwanza ni baridi. Mji umekaa katika mwinuko wa mita 1,500 hivi, na asubuhi za mvua mtoto hawezi kwenda shule na shati peke yake. Sweta za shule, zilizofumwa na akina mama kwa mashine ndogo za mkono ambazo huvutwa kushoto na kulia juu ya safu ya sindano, zikawa biashara ambayo robota la mitumba halikuiweza, kwa sababu sweta ya shule lazima iwe na rangi ya shule na mistari ya shule. Ada ya shule ya msingi ilipofutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kisha elimu bila ada ilipofikishwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, wanafunzi waliongezeka, na sare pamoja nao. La pili ni kitenge. Watu walioridhika kuvaa mitumba siku za kazi hawakuridhika kuivaa harusini, kanisani, wala siku za tohara, ambapo vijana watokao jandoni hutembezwa wakiwa wamefunikwa khanga na jamaa wote hutaka kuonekana. Na kwa kuwa mshono wa kitenge hauna kipimo cha kiwandani, fundi akarudishiwa futi yake mkononi.

Hapo ndipo simu ilipomkuta. Vodacom ilileta M-Pesa nchini mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya. Mkongo wa mawasiliano wa Seacom, upitao chini ya bahari, ulianza kazi Julai 2009. Na katika miaka iliyofuata simu za kioo zilishuka bei, na Instagram na WhatsApp zikaingia katika mikono ya watu wale wale ambao zamani walikaa katika benchi la baraza. Mambo haya matatu, yaani fedha isiyohitaji benki, njia ya picha, na kioo cha kuionea picha, yalipokutana, baraza lilihama.

Nitaeleza kazi hiyo inavyofanyika, kwa sababu wengi huizungumza kana kwamba ni miujiza. Binti aliyejifunza kushona, tuseme kwa miaka miwili kwa fundi wa mtaa, hununua kitenge cha yadi 6 sokoni, sasa aghalabu kilichotoka China, na katika yadi hizo hupata gauni moja na kitu kidogo juu yake. Gauni la kwanza haliuzwi. Huvaliwa na rafiki yake mwenye mwili mzuri, akapigwa picha saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelainika, mbele ya ukuta usio na matangazo, kutoka mbele, kutoka nyuma, na picha ya karibu ya shingo na ya pindo, kwa maana mnunuzi ajuaye mambo hutazama pindo kwanza. Picha huwekwa. Mteja wa Mwanza au wa Dodoma huandika kuuliza. Hutumiwa orodha ya vipimo, bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono na urefu wa gauni, naye humwomba dada yake ampime. Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, kwa kuwa asiyezoea futi hulikosea bega, na bega likikosewa gauni zima limekosewa. Fundi mwerevu huomba pia picha ya mteja akiwa amesimama, na hulinganisha. Arubuni ya nusu hulipwa kwa simu, kazi hushonwa, huondolewa nyuzi, hupigwa pasi, hufungwa na kuandikwa jina na namba kwa kalamu nzito, hupelekwa stendi katika ofisi ya mizigo ya basi, na risiti hupigwa picha na kutumwa mbele, pamoja na namba ya gari. Mteja humalizia fedha. Pengine humalizia kabla, pengine baada, na hapo ndipo urafiki au uadui huanza.

Anayetazama vizuri ataona kwamba fundi wa leo amepata kile ambacho fundi wa barazani hakuwa nacho maisha yake yote, nacho ni jora. Kitambaa ni chake, ijapokuwa ni yadi 6 tu, na faida ya kitambaa ni yake. Lakini amepoteza uso. Dhamana iliyokuwa katika kuonana imebidi itengenezwe upya kwa vitu vingine, kwa risiti, kwa picha za wateja waliotangulia, kwa kujibu ujumbe upesi. Na kwa sababu hiyo hiyo naiona desturi ya kuficha bei, ambayo imeenea kwa wauzaji wa mtandaoni nchini mwetu, wakimtaka kila aulizaye bei aje faraghani, kuwa ni kosa kubwa la kibiashara na la adabu. Mwenye duka wa zamani alibandika bei au aliitamka mbele ya watu, na majadiliano yakaanzia hapo. Mtu anayeficha bei humfanya mteja ahisi kwamba anapimwa mfuko kabla ya kupimwa kifua, na katika biashara ambayo kuaminiana ndiyo rasilmali yake ya kwanza, sijui faida yake ni ipi.

Aidha mtu wa katikati hakuondoka, amebadilika tu. Ni kampuni ya simu, inayokata fungu lake kila fedha inaposonga, na serikali, ambayo Julai 2021 iliweka tozo juu ya miamala hiyo, ikaipunguza baada ya malalamiko ya wananchi na hatimaye ikaiondoa; ni mwenye basi; na ni mwenye jukwaa la picha, aliye mbali kuliko wote, ambaye anaweza kuufunga ukurasa wa mtu bila ya kumwambia sababu. Soko kubwa la mtandaoni la Jumia, ambalo wengine walilitumainia kuwa duka la wote, lilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mafundi hawakutikisika sana, kwa kuwa hawakuwa wamelitegemea. Walitegemea watu wajuao watu. Picha za mishono nazo huibwa. Fundi wa mji mwingine huchukua picha ya mwenziwe, akaikata jina, na kuiweka kama kazi yake. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, lakini sijapata kusikia fundi wa gauni akienda mahakamani kwa ajili ya shingo ya gauni.

Kwa watu wa Tarime pana neema moja zaidi. Mpaka ule uliofungwa mwaka 1977 leo ni soko. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, wachuuzi wadogo wenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 wamewekewa hati nyepesi ya uasili wa bidhaa, na tangu 2015 fedha imeweza kutoka M-Pesa ya Kenya kuingia M-Pesa ya Tanzania moja kwa moja. Bibi wa Migori, ng'ambo ya mpaka, huagiza sare za harusi Bomani kwa sababu mkono wa kushona wa huku ni nafuu, na mzigo humfikia siku ile ile. Wajukuu wa wavushaji hupita langoni mchana.

Sasa lipo jambo ambalo limenifanya niiandike tarihi hii, nalo linahusu wasichana. Katika wilaya za Tarime na Serengeti baadhi ya koo bado hukeketa, hasa katika likizo ya mwisho wa mwaka, ingawa sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 imekataza kumtendea hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Na kila msimu wasichana hukimbia nyumbani, wengine usiku, wengine kwa miguu, kwenda kituo cha Masanga huko Tarime au nyumba salama ya Mugumu huko Serengeti, ambayo Rhobi Samwelly na wenzake waliianzisha. Simu ilifika katika vita dhidi ya ukeketaji kabla ya kufika katika biashara ya wasichana hao, kwa maana tangu 2015 wajitoleaji wa mradi wa Crowd2Map wamekuwa wakiichora ramani ya vijiji ambavyo havikuwamo katika ramani yoyote, ili polisi na waokoaji wajue njia ya kufika usiku. Katika nyumba hizo wasichana hufundishwa, pamoja na masomo mengine, kushona.

Wengine hupatanishwa na wazazi wao na kurudi. Wengine hawarudi kwa muda mrefu, na kwao cherehani bila soko ni pambo tu, kwa sababu soko la kijiji, ambako fundi mwingine yeyote angeanzia, ni pale pale walipokimbia. Kwa fundi wa kawaida mtandao huongeza wateja juu ya wale alio nao. Kwa msichana huyu ni baraza pekee ambapo anaweza kukaa pasipo shangazi kumwona. Picha ya gauni inaweza kufika Arusha bila ya uso wake, na mteja halazimiki kujua nyumba iko wapi. Lakini ili aipokee fedha ya mteja kwa jina lake mwenyewe ni lazima awe na laini ya simu iliyosajiliwa, na tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa mwanzoni mwa 2020, laini hutaka kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Aliye chini ya umri huo husajiliwa kwa mkono wa mzazi au mlezi. Na mzazi ndiye huyo ambaye msichana amemkimbia. Basi kwa miaka miwili au mitatu ya ufundi wake wa mwanzo, fedha ya mshono wake hupita katika laini ya mlezi wa nyumba, akaandikiwa daftarini, na siku anapotimiza umri na kupata kitambulisho chake, mlezi huyo humhesabia mbele yake kila shilingi, gauni kwa gauni.